Mkanda wa Saa Kumi na Moja: Miaka Mia na Sitini ya Kutafuta Mwili Mwingine

Televisheni ya mama mkubwa, pale Upanga, haikuwa na habari wala mpira. Mwaka ulikuwa 1987, na Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi 1994. Kile chombo kilikaa sebuleni kwa ajili ya deki, na deki ilikaa kwa ajili ya mikanda waliyotuma ndugu kutoka London na Dubai. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, wenzake wanne au watano walikuja moja kwa moja kutoka kazini. Makochi yalisogezwa ukutani, jamvi likakunjwa, khanga zikakazwa juu ya suruali, na mama mkubwa akausukuma mkanda ndani. Mistari ya kijivu ilicheza kidogo kwenye kioo, kisha akatokea Jane Fonda na nguo yake ya kubana, akihesabu kwa Kiingereza, na mama zetu wakihesabu naye kwa Kiswahili.

Sisi watoto tulikaa mlangoni tukitazama. Nakumbuka harufu ya jasho na mafuta ya nazi. Namkumbuka mwalimu mmoja, mnene kuliko wote, aliyeinua mguu juu kuliko wote. Na nakumbuka kwamba mazoezi yalipokwisha hakuna aliyeondoka. Walikaa sakafuni, migongo ukutani, wakazungumza mpaka magharibi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoanza kusoma mkanda ule ulitoka wapi, na nikakuta una ukoo mrefu. Babu wa ukoo huo alikuwa mtengeneza majeneza. William Banting aliishi London, na familia yake ndiyo iliyoandaa mazishi ya jumba la kifalme la Uingereza kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 66, alikuwa na uzito wa takriban kilo 92 katika kimo cha sentimita 165. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume, polepole, kwa kuyahurumia magoti. Alijaribu kupiga makasia, na makasia yakamwongezea njaa. Alioga mvuke wa Kituruki, akanywa maji ya chemchemi, na tumbo likabaki palepale. Kilichompeleka kwa daktari safari hii kilikuwa masikio, maana alikuwa hasikii vizuri. Daktari wake, William Harvey, alikuwa amemsikiliza Claude Bernard mjini Paris akifundisha kuhusu ini na sukari. Akamwambia aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Kwa muda wa mwaka mmoja Banting alipungua kilo zipatazo 20. Mwaka 1863 alichapa kijitabu kwa fedha zake mwenyewe, na nakala za kwanza akazigawa bure. Kinachonigusa katika kijitabu hicho ni shukrani iliyomo. Ni sauti ya mzee aliyeweza tena kushuka ngazi kama watu wengine, na anayetaka jirani yake naye aweze. Jina lake likageuka kitenzi: Waswidi mpaka leo, mtu akipunguza kula, husema *banta*.

Waliomfuata walikuwa wengi, na baadhi yao nitawapita haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Horace Fletcher alishikilia kwamba kila tonge litafunwe mpaka liwe uji mdomoni, na watu wenye elimu zao wakakaa mezani wakihesabu mara walizotafuna. Mjini Battle Creek, Michigan, Dokta John Harvey Kellogg, Mwadventista aliyekataa nyama, alikuwa akiwalisha wagonjwa wake nafaka zilizobanwa na kukaushwa. Mdogo wake, Will, alifungua kampuni mwaka 1906 na kuongeza sukari ambayo kaka yake hakuitaka. Chakula kilichobuniwa kwa ajili ya wagonjwa kikawa kifungua kinywa cha mamilioni.

Daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, anastahili kusimamishiwa kidogo. Mwaka 1918, dunia ikiwa bado vitani, alitoa kitabu kilichowafundisha Wamarekani wa kawaida neno kalori. Aliwataka wasiseme tena kipande cha mkate; waseme kalori 100 za mkate. Yeye mwenyewe alikuwa ameuhangaikia uzito wake kwa miaka mingi, na aliandika kwa upole wa mtu anayeyajua maumivu hayo. Lakini hapo ndipo chakula kilipoanza kusomwa kama daftari la mahesabu. Kabla ya hapo mama aliuliza kama watoto wameshiba. Baada yake iliwezekana kuuliza wamekula ngapi.

Tangazo moja la mwishoni mwa miaka ya 1920 siwezi kulipita bila uchungu. Kampuni iliyotengeneza sigara za Lucky Strike iliwaambia wanawake kwamba wakitamani kitu kitamu, washike sigara badala yake. Tangazo lilishika, mauzo yakapanda, na wembamba ukauzwa kwa bei ya mapafu. Wanawake hao walikuwa na hamu ileile waliyokuwa nayo mama zetu wa Upanga, ila wao waliangukia mikononi mwa watu wabaya.

Ikafuata miaka ya mashine. Mtu alisimama wima, mkanda mpana ukazungushwa kiunoni, mota ikawashwa, na nyama zikatikiswa kwa ahadi kwamba mafuta yatayeyuka yenyewe. Mashine hizo zilijaa kwenye kumbi za mazoezi za Marekani kwa miongo kadhaa. Mwaka 1959 kampuni ya Mead Johnson ikatoa Metrecal, unga wa kukoroga wa kalori 900 kwa siku, na watu wakala chakula cha mchana kutoka kwenye kopo. Ninapotazama picha za siku hizo naona upweke: mtu mmoja na mashine yake, mtu mmoja na kopo lake.

Ndiyo maana nawapenda wawili waliokwenda njia nyingine. Jack LaLanne, aliyefungua jimu yake mjini Oakland mwaka 1936, alianza kipindi cha televisheni huko San Francisco mwaka 1951 na akaendelea nacho mpaka 1985. Hakuhitaji mashine. Alitumia kiti cha kawaida cha nyumbani: kishike, kikalie, inua mguu. Alikuwa na mbwa mkubwa mweupe aliyemtumia kuwavuta watoto kwenye kioo, kisha akawaambia watoto wakawaite mama zao. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 96.

Wa pili ni Jean Nidetch wa Queens, New York. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 97, na alikuwa akila biskuti kwa kujificha. Siku moja dukani mwanamke aliyefahamiana naye alimsifu jinsi alivyonawiri, kisha akamuuliza atajifungua lini. Hakuwa na mimba. Alikwenda kliniki ya jiji, akapewa orodha ya vyakula, na akagundua kwamba orodha haikumtosha. Alihitaji mtu wa kumwambia habari za biskuti. Mwaka 1961 akawaalika marafiki sita nyumbani kwake, na kila mmoja akaleta siri yake. Wiki iliyofuata wakaja zaidi. Kufikia 1963 ilikuwa kampuni, Weight Watchers, na baadaye ikawa biashara kubwa mno. Lakini pale sebuleni kwake alikuwa amegundua jambo ambalo mwanamke yeyote wa upatu analijua: ukisema mbele ya wenzako kwamba utafanya, unafanya.

Mbio nazo zilianza kwa urafiki. Mwishoni mwa 1962 kocha Bill Bowerman wa Chuo Kikuu cha Oregon alikwenda New Zealand kumtembelea kocha Arthur Lydiard, akamkuta ana kundi la watu wa kawaida, wazee kwa vijana, wanaokimbia polepole vilimani huku wakiongea. Bowerman alijiunga nao, na mzee wa miaka sabini na kitu aliyekuwa na historia ya maradhi ya moyo ikabidi apunguze mwendo ili asimwache mgeni nyuma. Aliporudi nyumbani aliwakusanya majirani wa Eugene wakimbie pamoja, na mwaka 1967 akaandika kitabu kuhusu jogingi pamoja na daktari wa moyo. Kampuni ya viatu aliyoianzisha mwaka 1964 na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, ndiyo Nike ya leo. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, akatoa kitabu kilichoipa dunia neno aerobiki. Brazil ilipojiandaa kwa Kombe la Dunia la 1970, wachezaji wake walipitishwa kwenye jaribio la Cooper la kukimbia dakika 12, na Wabrazil kwa muda mrefu waliita kukimbia asubuhi kwa jina la Cooper.

Mbio za marathoni za New York zilipoanza mwaka 1970 waliojitokeza walikuwa 127 na waliomaliza ni 55. Miaka saba baadaye kitabu cha Jim Fixx kuhusu kukimbia kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Fixx alikuwa mvuta sigara mnene aliyejirekebisha kwa miguu yake. Julai 1984 alianguka na kufa barabarani huko Vermont, akikimbia, akiwa na miaka 52. Magazeti yakapiga kelele kwamba mbio ndizo zilizomuua. Baba yake Fixx alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Mimi naona Fixx alijiongezea miaka tisa juu ya umri wa baba yake, na huenda alijiongezea kwa raba zake.

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikituangalia sisi. Mwaka 1968 mjini Mexico Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 1500, na John Stephen Akhwari wa Tanzania, goti likiwa limefungwa bendeji, aliingia uwanjani wa mwisho katika marathoni na akamaliza. Mwaka 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Baada ya hapo wageni walianza kupanda mpaka Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kuuliza wakimbiaji wanakula nini. Walikula ugali, sukuma wiki, maharage na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Hakuna siri iliyopatikana sufuriani. Watoto wa kule walikuwa wamekua wakitembea na kukimbia kwenda shule, mahali pa juu, kila siku ya Mungu.

Nasi wa pwani na bara tulikuwa na mchakamchaka. Aliyesoma Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 anaujua: asubuhi na mapema, mistari miwili, kiongozi anatoa wimbo na wote wanapokea, miguu ikigonga vumbi kwa pamoja. Hakuna aliyetuambia ni mazoezi ya kupunguza uzito, na hatukuwa na uzito wa kupunguza. Nyumbani tulikula dona. Unga wa sembe, mweupe, uliokobolewa, ulikuwa chakula cha wageni na cha waliofanikiwa. Pumba zake zilikwenda kwa kuku. Hapo kwenye pumba ndipo hadithi hii inapoingia kwetu kabisa.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na akiwa mtoto alipoteza jicho moja. Mwaka 1946 alikwenda Uganda kama daktari wa upasuaji, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia ya tiba inamjua kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo imebeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari karibu kilomita 16,000 kupita Afrika ya mashariki na kusini, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ugonjwa huo uko wapi na haupo wapi. Mazoea hayo ya kuuliza ndiyo yaliyomfikisha kwenye jambo la pili. Daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Peter Cleave, alikuwa akisema kwamba sukari na unga mweupe ndio mzizi wa maradhi mengi ya nchi tajiri. Burkitt aliposikia alikumbuka miaka yake ishirini Uganda: kidole tumbo kilikuwa nadra, saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra, na hata choo kigumu kilikuwa nadra. Mwenzake wa Uganda, Dokta Hugh Trowell, alikuwa ameona hayohayo kuhusu moyo.

Burkitt hakuona haya. Alipima uzito wa vinyesi vya watu wa vijijini Afrika na vya Waingereza, akapima muda ambao chakula kinapita tumboni, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Wanavijiji walipata choo kikubwa, laini, haraka; mabaharia wa Uingereza walipata kidogo, kigumu, baada ya siku kadhaa. Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi, yaani kile tulichokuwa tukimwagia kuku. Mwaka 1979 aliandika kitabu cha kuwakumbusha Waingereza wasizisahau.

Ninampenda mtu huyu, na kwa sababu nampenda inaniuma kilichofuata. Mwaka 1982 Audrey Eyton alitoa mpango wa kula uitwao F-Plan, na ukauzwa kwa mamilioni Uingereza na kwingineko. Makopo ya maharage na pakiti za pumba za ngano vikaisha madukani. Marekani ikaamka baadaye kidogo na pumba za oti: kitabu cha Robert Kowalski cha mwaka 1987 kiliahidi kushusha lehemu kwa wiki nane, na viwanda vikanyunyiza pumba kwenye kila kitu, mpaka utafiti mmoja wa mwanzoni mwa 1990 ulipoipoza homa hiyo. Wanakijiji wa Burkitt walikuwa wakila viazi vitamu, ndizi, maharage na mboga za majani, wakilima kwa jembe, wakitembea kwenda kila mahali, bila soda wala biskuti. Soko lilikata kipande kimoja cha maisha hayo, likakiweka kwenye pakiti, likakinyunyiza juu ya maisha yaleyale ya zamani. Kila mtindo ninaoujua ulianza na mtu aliyeona kitu cha kweli, kisha kitu hicho kikang'olewa kutoka kwenye udongo wake.

Ukoo huo ulipokuwa ukishangilia wembamba, huku kwetu wembamba ulipata jina la kutisha. Sisi ni watu ambao kwa vizazi tulimsalimia ndugu kwa kumwambia amenenepa, tukimaanisha amependeza, nyumba yake ina amani, watoto wanakula. Kitambi kilikuwa heshima. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Rakai, kusini mwa Uganda, wakaanza kuona vijana wao wakikonda mpaka mifupa ikahesabika. Waliuita ugonjwa huo, ambao leo tunaujua kama UKIMWI, kwa neno la Kiingereza, *slim*, na kwa jina hilo ukaingia katika jarida la The Lancet mwaka 1985. Upande wa pili wa mpaka, Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walikuwa wamegunduliwa mwaka 1983. Neno lililokuwa likiuza vitabu New York lilikuwa likizika watu Masaka na Bukoba. Huko Marekani kulikuwa na peremende za kuzuia njaa zilizoitwa Ayds, zilizouzwa kwa miongo kadhaa, na jina, lililotamkwa sawa na la ugonjwa huo kwa Kiingereza, AIDS, likazifuta sokoni.

Kwa hiyo mama zetu wa Upanga walikuwa wakiruka mbele ya mkanda katika wakati ambapo mwanamke aliyepungua aliulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Nimeshamuuliza mama mkubwa kuhusu hilo. Aliniambia hakuna aliyetaka kukonda. Walitaka kutoka jasho, na walitaka saa moja ambayo hakuna mtoto, mume wala mkubwa wa kazi anayeidai.

Huko ng'ambo hamu haikuwa na mwisho. Video ya kwanza ya Fonda ilitoka mwaka 1982, na familia nyingi za Kimarekani zilinunua deki kwa ajili yake. Mikanda yake yote pamoja iliuzwa takriban milioni 17. Miaka hiyohiyo mafuta yakawa adui wa taifa. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na George McGovern ilikuwa imewashauri Wamarekani mwaka 1977 wayapunguze, na ushauri wenyewe ulitaka pia watu wapunguze sukari na wale matunda na nafaka nzima zaidi. Viwanda vikasikia nusu. Novemba 1988 Oprah Winfrey aliingia kwenye jukwaa la kipindi chake akivuta kigari chekundu chenye mafuta ya mnyama, ratili 67, uzito alioupoteza kwa miezi ya kunywa tu. Amesema mwenyewe baadaye jinsi uzito ulivyoanza kurudi mara tu alipoanza kula tena. Mwaka 1992 zikaja biskuti za SnackWell's zisizo na mafuta, tamu kwa sukari, na watu wakamaliza boksi zima wakiamini wako salama. Mwaka 1997 vidonge viwili vya kupunguza uzito, vilivyokuwa vikinywewa kwa mamilioni, viliondolewa sokoni baada ya madaktari kukuta vali za moyo zimeharibika.

Adui akabadilishwa tena. Robert Atkins, daktari wa moyo wa New York, alikuwa ameandika tangu 1972 kwamba kosa ni wanga. Kitabu chake kipya cha 1992 kiliwakuta watu wamechoshwa na biskuti. Alifariki Aprili 2003 baada ya kuteleza na kuanguka kwenye barafu, na miaka miwili baadaye kampuni yake ikaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai. Lakini wazo lilikuwa la Banting, na likarudi na jina la Banting, safari hii Afrika Kusini. Profesa Tim Noakes, ambaye kitabu chake cha 1985 kiliwafundisha wakimbiaji kula wanga, aligundua ana kisukari, akageuka, na mwaka 2013 akashirikiana kuandika kitabu kilichofanya mikahawa ya Cape Town iuze chakula cha Banting.

Wanaotetea kula hivyo hupenda kuwataja Wamasai, nami nisomapo hivyo husimama. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wenzake, akawapima wanaume wa Kimasai waliokula maziwa na nyama kwa wingi, na akakuta lehemu iko chini. Mwaka 1972 walichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye kuta za mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita. Dhana ya Mann ilikuwa kwamba mwendo ndio uliowakinga: kutembea nyuma ya ng'ombe, kutwa nzima, maisha yote. Nimekutana na vitabu vingi vinavyoyataja maziwa ya Wamasai. Vinavyoitaja miguu yao ni vichache sana.

Leo yote hayo yapo kwetu kwa pamoja, bila mpangilio. Simu inaleta keto, kufunga kwa saa 16, maji ya moto na limau, chai za kusafisha tumbo, na habari za sindano za kukata njaa ambazo Marekani imeziruhusu kwa ajili ya uzito. Kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika kila ukoo, kwa hiyo simlaumu mtu anayeshika chochote kinachopita. Dona, lililokuwa la maskini, linafungwa vizuri na kuwekwa kwenye rafu za supamaketi. Kigali tangu 2016 inafunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi za Jumapili fulani ili watu wakimbie. Dar es Salaam na Zanzibar, vikundi vya jogingi vinapita mitaani alfajiri za mwisho wa wiki na fulana za rangi moja, na nyimbo wanazoimba ni za mchakamchaka, maneno mapya juu ya tuni za zamani.

Kikundi kimoja kinapita karibu na nyumba ya mama mkubwa. Amefikisha miaka themanini na kitu sasa, magoti hayamruhusu, na deki ilikwisha kuuzwa zamani. Mkanda anao. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa barazani, saa kumi na mbili asubuhi, akiwasubiri wapite. Akaniuliza kama yule mwanamke wa mkandani bado yu hai. Nikamwambia yu hai, alizaliwa 1937. "Basi ni rika langu," akasema. Tukaanza kuzisikia nyimbo kutoka kona ya msikiti, kisha miguu. Mama mkubwa akaushika mkono wa kiti, akanyoosha mguu wa kulia mbele yake, na akaanza kuhesabu.